Sentimita Sitini na Mbili

Usafi ni hatari kwa maisha ya watoto. Najua bango la getini kwetu linasema kinyume, kwa herufi za bluu zenye urefu wa mkono wangu, na mimi mwenyewe nimewaimbisha wanafunzi maneno ya bango lile kila Jumatatu kwa miaka miwili. Nilikuwa nayaamini. Ningekuwa siyaamini, nisingeshtuka kama nilivyoshtuka.

Kwetu siku inaanza kwa ufagio. Kabla ya kengele, wanafunzi zaidi ya mia tatu wanajipanga mistari, wameinama, mkono mmoja mgongoni, na wanafagia uwanja mzima wa udongo kutoka kwenye kuta za madarasa hadi mtaro wa chini. Takataka huisha ndani ya dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo wanafagia udongo wenyewe, mpaka ubaki mgumu, mwekundu, unang'aa, wenye michoro ya nusu duara kama magamba ya samaki. Mwalimu mkuu, ambaye kila mtu anamwita Bi Mkuu, hupita na viatu vyake vyeusi akikagua michoro hiyo. Akiona unyayo, anauliza ni wa nani. Akiona jani, anauliza limetoka mti gani, na mwaka juzi mti mmoja ulikatwa kwa kosa hilo. Kombe la Usafi tumelichukua miaka tisa mfululizo. Linakaa ofisini kwake kwenye kabati la kioo.

Mimi nilisoma hapohapo. Nikiwa darasa la tano nilipewa zawadi ya mfagiaji bora, mkebe wa hesabu, mbele ya wazazi wote. Na fagio za shule anazifunga mama yangu mzazi, kwa vijiti anavyochambua kimoja kimoja na kuvibana kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa hiyo mtu asije akasema nilikuwa na kinyongo na ufagio. Mimi nimekuzwa na ufagio.

Muhula huu ukaja waraka: kila darasa lifanye mradi wa mazingira na maendeleo endelevu. Wenzangu wakafanya walichofanya mwaka jana. Waliandika ubaoni maana ya mazingira, wanafunzi wakanakili, mradi ukawa umekamilika. Lakini mimi chuoni nilifundishwa na mkufunzi mmoja mkali kama pilipili kwamba mtoto hajui kitu mpaka akipime. Nikasimama mbele ya darasa langu la sita nikawaambia, “Nitajieni kitu kimoja hapa shuleni kinachopungua.”

“Chaki!”

“Maji ya bomba!”

“Walimu, siku ya Ijumaa!”

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana ni kweli. Nyuma kabisa kulikuwa na msichana tuliyemwita Kidole, kwa sababu kidole chake kilikaa juu tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Nikampa nafasi.

“Ardhi, mwalimu.”

“Ardhi inapunguaje? Inakwenda likizo?”

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. “Nilipoanza darasa la kwanza, mlangoni kulikuwa na ngazi nne. Sasa zipo tano. Mdogo wangu anazipanda kwa mikono na magoti. Darasa halijapanda juu, mwalimu. Kwa hiyo tunaoshuka ni sisi.”

Nikaandika ubaoni: ardhi.

Kwenye korido ya ofisi kuna picha ya siku shule ilipofunguliwa, miaka thelathini na moja iliyopita. Nimepita mbele ya picha ile maelfu ya mara. Siku hiyo niliisogelea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Mgeni rasmi amevaa suti, ana mkasi mkononi, mguu mmoja ameukanyagia kwenye ngazi ya mlango wa darasa la kwanza. Ngazi ni moja. Nikahesabu tena, kana kwamba moja inaweza kukosewa.

Tukaanza kupima. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Aliyejenga alipiga plasta ukuta mpaka usawa wa ardhi ya siku ile, na plasta ile bado ipo, ila sasa inaishia hewani, na chini yake mawe ya msingi yako uchi. Wanafunzi wakashika rula ya mita ya ubaoni wakapima kutoka mwisho wa plasta hadi ardhini, darasa kwa darasa. Darasa la saba, sentimita kumi na nane. La sita, letu, ishirini na sita. Kila tulipoteremka kuelekea bondeni namba zilikua. Uwanja tukaupima kwa kamba: mita sitini kwa arobaini. Nikawaachia hesabu wenyewe. Wakakadiria wastani wa sentimita arobaini, wakazidisha, wakagawanya kwa mita saba za ujazo, mzigo wa lori moja la mchanga.

Kidole akaja ubaoni kuandika jibu. Malori mia moja thelathini na saba.

Shule yetu ina geti moja na mlinzi mmoja, na hakuna lori hata moja la udongo lililowahi kutoka.

“Tumeutoa sisi?” mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

Nikawaambia hesabu zirudiwe. Zikarudiwa mara tatu. Nami nikakumbuka mtaro wa chini unaoziba kila msimu wa mvua, na watu wa barabara ya chini wanaochota tope kwenye vizingiti vyao kwa majembe wakilaumu mbingu. Tope lile lilikuwa uwanja wetu. Nilikuwa nimelifagia mimi, nikapewa mkebe wa hesabu.

Darasa la kwanza tulilipima siku iliyofuata, Jumanne. Ni chumba cha mwisho kabisa, upande wa bondeni, jirani na mtaro. Kando ya ukuta wake wa nje yalipangwa zamani mawe yaliyopakwa chokaa, kwa mapambo. Kidole akasogeza jiwe moja akasimamisha rula.

“Sitini na mbili,” akasema, mwenzake akaandika.

Kisha akapiga magoti. Akailaza rula akaisukuma mbele. Rula ya mita moja ikaingia chini ya ukuta, yote, ikabaki ncha.

“Acha mchezo wewe.”

“Sichezi, mwalimu.” Akaingiza mkono. Ukazama mpaka kiwiko. Ukazama mpaka begani. Shavu lake likagusa jiwe, akanitolea macho. “Mwalimu, huku kuna baridi. Hakuna kitu. Ni tupu.”

Ndani, watoto hamsini na watatu walikuwa wanahesabu kwa kuimba: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Sauti zao zilitoka dirishani juu ya vichwa vyetu. Na zilitoka pia chini, kwenye lile shimo, karibu na uso wa Kidole.

Nikamvuta mguu mtoto wa watu kama anayemtoa kisimani.

Mchana ule nilimtafuta fundi mwashi wa shule. Nilimkuta mitaa miwili mbali, anachanganya saruji kwenye ua wa mtu, suruali imekunjwa hadi magotini.

“Fundi, anayetujengea ngazi za madarasa ni wewe?”

“Ni mimi. Zimefanyaje? Zimepasuka? Zile za mwisho nilizipiga saruji ya kutosha, usiniambie zimepasuka.”

“Hazijapasuka. Nauliza kwa nini unaziongeza.”

“Kwa sababu naitwa.” Akaendelea kugeuza koleo. “Kila baada ya miaka sita, saba, naitwa. Nakuta ngazi ya chini inaning'inia, naweka nyingine chini yake. Ikining'inia hiyo, nitarudi. Kazi ni kazi, mwalimu.”

“Hukuwahi kujiuliza ardhi inakwenda wapi?”

“Nikijiuliza, saruji inaganda.”

Alikuja hata hivyo, akinung'unika njia nzima. Alilala kifudifudi kando ya ukuta, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Fundi yule ni msemaji, ana utani hata msibani. Safari hii alisogeza tochi kushoto, kulia, akairudisha kushoto. Alipoinuka, hakujikung'uta vumbi.

“Nani anakaa humu?”

“Darasa la kwanza.”

“Watoe.”

“Lini?”

“Mwalimu, mimi nakwambia watoe, wewe unaniuliza lini?” Akapangusa paji la uso, tope likabaki. “Hii nyumba imesimama kwa mazoea tu. Ikipata mvua moja ya maana, itakumbuka kwamba haina miguu.” Akatazama ngazi zake tano, zilivyo imara, zilivyonyooka. “Na mimi muda wote najenga ngazi. Mungu wangu. Najenga ngazi.”

Jumatano asubuhi nikaingia ofisini kwa Bi Mkuu na daftari la wanafunzi.

“Shikamoo, Bi Mkuu.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Ndiye aliyenifundisha kusoma. Ndiye aliyeniandikia barua ya kwenda chuo, na ndiye aliyenipokea niliporudi na stashahada yangu. Akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari, kama anavyosoma kila kitu. Alipofika kwenye malori akacheka.

“Mia moja thelathini na saba! Yalipita saa ngapi hayo, mlinzi asiyaone?”

“Saa moja kasoro robo asubuhi, Bi Mkuu. Kila siku.”

Kicheko kikakatika. Akavua miwani. “Unasema nimeifagia shule yangu nikaimaliza.”

“Tumeifagia sote. Hata mimi. Ulinipa zawadi.”

“Nilikupa kwa sababu ulistahili.”

“Darasa la kwanza chini ni tupu. Fundi amelala akaliona kwa macho yake. Anasema ni mvua moja tu.”

“Siku hizi fundi mwashi anatabiri hali ya hewa?” Akafunga daftari taratibu. “Ijumaa majaji wa kombe wanakuja. Darasa la kwanza ndilo wanaloanzia kila mwaka, lina michoro ukutani, linapendeza. Jumatatu nitaita kamati. Nimekusikia, mwanangu. Jumatatu.”

“Wahamie kwangu leo. Nitawabana.”

“Hamsini na watatu juu ya arobaini na wanane wako? Majaji wakute watoto mia moja na mmoja chumba kimoja, kama mizigo stoo?”

“Ndiyo.”

Akanisogezea daftari. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, upole ambao sijausahau: “Mkataba wako unaisha lini?”

“Mwisho wa muhula.”

“Basi tumalize muhula vizuri.”

Mchana nikamkuta mlinzi anapanga mawe meupe mapya kando ya ukuta wa darasa la kwanza, safu mbili, yamebanana hata kidole hakipiti. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Tundu lote lilikuwa limefichwa. Ningekuwa sijaona mkono wa mtoto ukizama mle, ningesema pale ndipo mahali pazuri kuliko pote shuleni.

Alhamisi alasiri nilimkuta mama barazani, miguu ameinyoosha, vijiti vimemzunguka, anakaza mpira kwa meno. Oda ya shule, fagio sitini, zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kazi mpaka nilipofika kwenye malori.

“Rudia.”

Nikarudia.

“Kwa fagio zangu hizi?”

“Kwa zako, na za waliokutangulia.”

“Wewe mtoto, unajua wewe umekula nini, umevaa nini, umesomea nini? Ufagio! Leo umepata karatasi ya chuo, ufagio umekuwa shoka?”

“Mama, sijasema ufagio ni mbaya. Sakafu ifagiwe, kizingiti kifagiwe. Udongo haufagiwi. Udongo unataka majani yake, unataka nyasi, ndiyo yanaushika. Tumeuvua nguo miaka thelathini na moja, mvua ikija inauchukua.”

“Na nikiacha kufunga, nitakula hayo majani?”

Akarudi kukaza mpira. Akakaza, akakaza, ukakatika. Akautazama mkononi.

“Walio humo chumbani wana umri gani?”

“Sita. Saba.”

“Na huyo bibi yenu amesema Jumatatu.”

“Amesema Jumatatu.”

Mama akauweka ufagio chini. “Anawajua hao watoto kwa majina,” akasema, kama anayeshangaa na nafsi yake. “Huyo mwanamke anawajua wote kwa majina.”

Ijumaa mvua ilianza saa mbili na dakika kumi. Najua kwa sababu nilikuwa naitazama saa, sifundishi kitu. Ilikuwa mvua ya kawaida, nene, ya msimu. Uwanja wetu unaong'aa haukunywa hata tone. Maji yalikimbia juu yake kama juu ya sinia, yakashuka bondeni mekundu, yakapiga yale mawe meupe. Kutoka mlangoni kwangu niliona jiwe la kwanza likisogea. Likafuata la pili.

Nikawaambia wanafunzi wangu wakae watatu watatu, nikatoka mbio.

Mwalimu wa darasa la kwanza ni mama mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilipoingia nimelowa alishika kifua.

“Mama, naomba watoto.”

“Bi Mkuu amesema...”

“Najua alichosema. Naomba watoto.”

Alitazama sakafu. Kulikuwa na ufa kutoka mlangoni hadi chini ya ubao, na kutoka kwenye ufa ule yalikuwa yanachemka maji mekundu, taratibu, kama uji. Sijui alikuwa ameyatazama kwa muda gani. Akapiga makofi mara mbili. “Wanangu, simameni. Shikaneni mikono. Bila daftari, bila mkoba, leo tunacheza treni.”

Treni ikatoka. Tuliiteremsha kwenye zile ngazi tano mtoto mmoja mmoja, wale wadogo tukiwabeba, tukaipitisha kwenye mvua hadi korido ya darasa langu. Nilikuwa wa mwisho. Nilipofika, Bi Mkuu alikuwa amesimama mbele ya treni na mwavuli, na nyuma yake, kwenye gari lililoegeshwa getini, majaji watatu walikuwa wanasubiri mvua ipungue.

“Warudishe,” akasema.

“Siwarudishi.”

“Mwalimu!” Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku ile, siku zote mwanangu. “Wageni wako getini. Watoto wamelowa, wana tope hadi kwenye masikio. Warudishe darasani kwao wakajifute.”

Akamshika mkono mtoto wa kwanza, akageuka, na treni nzima, kwa kuwa wameshikana na kwa kuwa ni Bi Mkuu, ikageuka naye. Wakaanza kurudi. Watoto wa umri ule wanamfuata anayewashika mkono. Nikawapita mbio, nikasimama juu ya ngazi ya juu kabisa ya darasa la kwanza, mikono nimeitanua nimeshika miimo yote miwili ya mlango.

“Toka mlangoni.”

“Sitoki.”

“Unanitia aibu mbele ya watu.”

“Sitoki, Bi Mkuu. Nipige, sitoki.”

Ndipo nilipohisi miimo inashuka mikononi mwangu. Nilidhani ni mimi ninayepanda. Haukuwa mshindo. Ulikuwa mguno, kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti baada ya safari ndefu. Ukuta wa bondeni ulikaa kwanza, wote kwa pamoja, kama nusu mita. Ukatulia. Kisha ukalala nje, polepole, na kenchi mbili za paa zikaingia ndani juu ya madawati. Niliruka, sijui vipi, nikaangukia magoti kwenye ngazi ya mwisho. Vumbi likapanda ndani ya mvua. Sikujua kama vumbi linaweza kupanda ndani ya mvua.

Lilipotua, tuliona bonde. Tuliliona kwa kupitia ndani ya darasa la kwanza. Ubao ulikuwa bado umening'inia mahali pake, umeandikwa ba be bi bo bu. Madawati ya safu ya dirishani hayakuwepo. Kenchi ilikuwa imelala juu ya safu ya katikati, na mkoba wa mtoto, wa pinki, ulikuwa unatoa maji chini yake.

Hakuna aliyelia. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Watoto hamsini na watatu, hakuna hata mmoja aliyelia. Bi Mkuu alikuwa bado amemshika yule wa kwanza mkono. Mwavuli ulikuwa umemtoka. Akaanza kuwaita majina, mmoja mmoja, bila daftari la mahudhurio, kwa sauti ya kawaida kabisa kama asubuhi yoyote, nao wakaitika mmoja mmoja, na alipofika kwa wa hamsini na tatu akaanza tena upya. Aliita mara nne. Mwalimu wao ndiye aliyemziba mdomo kwa kiganja.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mtu akiona ukuta umelala juu ya madawati, nilidhani, anakuwa ameelewa. Huo ndio ujinga wangu, naukiri.

Jumatatu kamati ilikaa, kama alivyoahidi. Waliniita, na waliniitia mzazi. Mimi mtu mzima, mwenye stashahada, niliitiwa mama yangu, akakaa kwenye benchi la nyuma na kanga yake ya kutokea. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, akasoma kumbukumbu. Kombe limekwenda shule nyingine. Jina la shule limechafuka. Na chanzo kimebainika: wanafunzi wa darasa la sita, chini ya mwalimu wao, walichokonoa msingi wa jengo kwa rula, vijiti na mikono, siku ya Jumanne, bila kibali.

Walichokonoa. Ni neno zuri, nalipenda, lina sauti ya kitu chenyewe. Nilikaa nalisikiliza.

“Kwa rula ya mbao?” nikauliza.

“Jengo lilikuwa zima kabla hamjaligusa. Majaji wana picha za miaka tisa.”

Fundi alikuwa ameitwa kama shahidi. Akasimama, kofia mkononi. “Waheshimiwa, lile jengo lilikuwa linaelea. Nililiona. Hata ningelipulizia lingekwenda.”

“Fundi, wewe jibu unachoulizwa.”

“Sijaulizwa kitu.”

“Basi kaa.”

Akakaa. Mwenyekiti akanisogezea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa barua yangu ya kuomba radhi, imeshaandikwa, inangoja sahihi, isomwe mbele ya wazazi. Nikisaini, mkataba unaendelea. Ya pili ilikuwa ya wanafunzi. Majina sita, la kwanza la Kidole, jina lake kamili, na mbele ya kila jina nafasi ya mtoto kusaini kwamba alishiriki kuharibu jengo la shule.

Hiyo ya pili niliisoma mara mbili. Watoto wa miaka kumi na mbili. Niliwaambia wapime, wakapima. Niliwaambia warudie, wakarudia mara tatu. Ndio watu pekee katika shule ile waliotazama chini, na sasa wasaini kwamba kutazama ndiko kulikoangusha.

Nikaisukuma ile ya wanafunzi mpaka upande wa mwenyekiti. Yangu pia.

“Mwalimu, ni sahihi tu,” akasema. “Wino kidogo. Utaendelea na kazi, watoto wataendelea na masomo, twende nyumbani.”

Nikamgeukia Bi Mkuu. Alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Nilitaka aseme. Yeye aliwaita majina mara nne, yeye anajua. Akanyanyua macho, na kwa sauti ile ile ya siku ya mkataba akasema, “Mwanangu, omba radhi tu. Yaishe.”

Nyuma yangu benchi likalia. Mama alikuwa amesimama. Sikugeuka, sikujua anataka kunikemea au kunibeba, na sikutaka kujua kwanza.

“Bi Mkuu,” nikasema, “shikamoo yangu utaipata kila nitakapokuona, maisha yangu yote. Umenifundisha kusoma. Lakini radhi hupati. Niliwatoa watoto bila ruhusa yako, na kesho ningewatoa tena bila ruhusa yako. Nilisimama mlangoni ukaniambia nitoke, sikutoka. Wanafunzi wangu walipima walichoambiwa wapime, na namba zao ni sahihi. Andikeni barua nyingine mkitaka, andikeni kumi. Mimi siombi radhi. Na wale sita hawaombi.”

“Unajua maana ya unachosema?” mwenyekiti akauliza.

“Najua Kiswahili,” nikamjibu. “Siombi.”